Boti ya Miili Miwili Itufae Nyasa, Isituponze

Usipa uuzwao sokoni Mwanjelwa hutoka Ziwa Nyasa kwa kupitia Kyela. Ni wachache kati yetu tuununuao wanaowafikiria wananchi wa mwambao ule. Kutoka Matema kuelekea kusini, milima ya Livingstone inateremka hadi majini, na kwa vijiji vingi vya huko chombo cha majini ndicho barabara. Mwalimu aliyepangiwa kazi, sanduku la dawa na mama mjamzito wote hupita njia hiyo hiyo moja.

Meli ya MV Mbeya II, iliyoundwa wilayani Kyela ili ibebe abiria 200 na mizigo tani 200, ilikuwa hatua ya kujivunia. Lakini meli huenda kwa ratiba, na mgonjwa hana ratiba. Kwa hiyo yafaa kujiuliza iwapo katamarani ndogo ya injini, yaani boti ya miili miwili myembamba iliyounganishwa kwa sakafu moja, ingefaa kuziba pengo hilo.

Faida zake ni dhahiri. Upana wake huifanya isiyumbe ovyo, kama vile ngalawa ya pwani inavyotegemea mirengu ya pande mbili isipinduke. Haihitaji kina kirefu, hivyo yaweza kusogea karibu na fukwe zisizo na gati. Sakafu yake ni pana, na machela hulazwa bila taabu. Aidha, huwa na injini mbili. Moja ikizimika, nyingine huwarudisha watu nchi kavu.

Hata hivyo, hapana budi tuzitazame na hasara. Injini mbili ni gharama mbili za vipuri na matengenezo. Kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusini-mashariki huinua mawimbi mafupi yenye kusimama, nayo hupiga chini ya sakafu ile kwa kishindo. Boti hii pia haivumilii uzito: ikipakiwa kupita kiasi, miili yake myembamba huzama zaidi, sakafu hukaribia maji, na ule wepesi wote hupotea. Tena, ikipinduka, kuisimamisha ni kazi ngumu mno.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba kutulia kwake huwadanganya watu. Mtumbwi uliojaa hutikisika ukawaonya abiria. Boti pana hunyamaza. Taifa hili limekwisha kulipa gharama ya kupuuza vipimo. Mwaka 1996 tulipoteza mamia ya ndugu zetu katika MV Bukoba. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara, na waliokufa pekee walizidi 200.

Basi boti hizi zijaribiwe, lakini kwa masharti. Zichukue abiria, wagonjwa na dawa. Magunia ya mpunga yaachiwe meli. Mstari wa mwisho wa uzito uchorwe ubavuni kwa rangi ambayo kila mwanakijiji ataiona. Vijana wa mwambao wafundishwe ufundi wa injini hizo kabla boti haijafika. Na sisi watumishi, ambao mara nyingi hupewa nafasi hata chombo kikiwa kimejaa, tuwe wa kwanza kushuka mstari ule unapofunikwa na maji.