Kompyuta Inapogoma Kuwaka



Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kompyuta nyingi zilizomo majumbani mwetu zina manahodha zaidi ya mmoja, kwani tangu mwaka 2005 prosesa zenye viini viwili na zaidi zimeenea katika matumizi ya nyumbani, na mfumo endeshi hukihesabu kila kiini kuwa prosesa kamili.

Tunapoiwasha kompyuta, prosesa moja tu ndiyo hutangulia, na nyingine husubiri. Ile ya kwanza hupakia mfumo, husoma majedwali yaliyoandaliwa na BIOS kueleza zipo prosesa ngapi, kisha huziamsha zilizosalia. Majedwali yakiwa na kasoro, au mfumo usipoyaelewa, safari hukatika hapo: kioo huwa cheusi, au maandishi hukwama.

Baadhi ya mafundi hushauri diski ifutwe na mfumo uwekwe upya. Tunawanasihi wazazi wasikubali kwa pupa. Mfumo hupatikana tena; picha za marehemu, kazi za shule za watoto na hesabu za duka hazipatikani. Prosesa kushindwa kuamka si dalili kwamba mafaili yamepotea.

Kwa wanaotumia Linux, ambayo ilianza kumudu prosesa nyingi katika toleo la 2.0 la mwaka 1996, utaratibu ni huu. Kwanza, chomoeni printa, flashi na vifaa vingine vya nje. Pili, orodha ya GRUB ikitokea, chagueni kerneli ya zamani. Ikiwaka, basi yamkini kasoro imo katika kerneli mpya. Tatu, ikigoma, bonyezeni herufi e, tafuteni mstari unaoanza na neno linux, ondoeni neno quiet ili ujumbe wa makosa uonekane, ongezeni maxcpus=1 mwishoni, kisha bonyezeni F10. Badiliko hili ni la mara moja tu; halibaki mkizima.

Ikiwaka kwa prosesa moja, chanzo kinaelekea kuwa katika kuziamsha nyingine. Nakilini mafaili kwanza, ndipo msasishe BIOS na mfumo. Msiridhike kuiacha hivyo daima, kwani mtakuwa mnaendesha chombo kwa kasia moja. Isipowaka, jaribuni noapic, kisha ipimeni kumbukumbu kwa Memtest86+, maana RAM mbovu huleta dalili zinazofanana na hizi.

Wenye Windows nao wanaweza kuiwasha kompyuta kwa Linux iliyo ndani ya flashi na kunakili mafaili yao, iwapo diski haikufungwa kwa nywila.

Fundi na aitwe, lakini aikute nakala ya mafaili imekwisha kuhifadhiwa.