Taa ya Kioo Isiyowaka Ipunguze Bei ya Gari

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, fedha huingia Mtwara na magari yaliyotumika kutoka Japani hupata wanunuzi. Wauzaji husifia injini, matairi na rangi. Kitu kimoja hupita bila kuulizwa: taa ndogo katika kioo cha pembeni inayomwonya dereva kuwa ubavuni kuna chombo asichokiona. Iwapo taa hiyo imekufa, gari halistahili bei ya gari kamili. Mnunuzi anayenyamaza hubeba hasara ya aliyemtangulia.

Onyo hilo si jambo jipya. Kampuni ya Volvo ya Sweden ilileta mfumo wa namna hiyo sokoni katikati ya miaka ya 2000, ikitumia kamera. Magari mengi ya sasa hutumia vihisi viwili vya rada, ambavyo mafundi huviita sensa, vilivyofichwa nyuma ya bampa la nyuma, kimoja kila kona. Mahali hapo ndipo penye matatizo. Tope la barabara za vijijini huganda juu ya bampa, unyevu wa hewa ya chumvi hula vichwa vya nyaya, na pigo dogo wakati wa kurudi nyuma hupindisha kishikio cha sensa ikatazama kusiko.

Lipo tatizo jingine linalomhusu mfanyabiashara moja kwa moja. Mawimbi ya rada hupenya plastiki ya bampa, lakini hudhoofishwa na puti nene, rangi iliyopigwa tabaka juu ya tabaka na stika zenye madini. Hivyo bampa lililorembwa ili gari liuzike haraka laweza kuwa ndilo lililoua mfumo. Mng'aro wa kona za nyuma usimfurahishe mnunuzi kabla hajauliza kilichokuwa chini yake.

Uchunguzi wenyewe uanze na kisichogharimu kitu. Kwanza itazamwe swichi ya mfumo, kwa kuwa mara nyingine imezimwa tu. Katika magari mengi taa za vioo huwaka kidogo swichi ya gari inapofunguliwa kisha huzimika. Ya upande mmoja isipowaka, taa au waya wake vishukiwe. Maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi yasipuuzwe: yapigwe picha na kutafsiriwa kwa simu, maana huenda ndiyo yanayotaja hitilafu. Kisha bampa lioshwe, stika ziondolewe, fyuzi na betri vipimwe. Jaribio lifanyike gari likitembea, kwani mifumo mingi hailali wala haijaharibika. Husubiri tu gari lifikie mwendo fulani.

Baada ya hapo ndipo mashine ya kusoma hitilafu iunganishwe, ieleze ni sensa ya kulia au ya kushoto. Fundi avue bampa na kukagua soketi kama imeingia maji au kutu kabla ya kutamka neno "badilisha". Sensa ya mtumba kutoka Dar es Salaam si dawa ya uhakika: namba yake sharti ilingane na ya gari, na mara nyingi huhitaji kuingizwa kwenye kompyuta ya gari na kupangwa upya. Aliyenunua kifaa kabla ya kupima huenda akalipa mara mbili, na Mtwara iko zaidi ya kilometa 500 kutoka kwenye maduka hayo.

Muuzaji atasema gari linatembea bila taa hiyo, na kwamba madereva wa zamani waligeuza shingo tu. Ni kweli, na shingo bado inahitajika. Lakini dereva aliyezoea kuonywa huchukulia ukimya kuwa usalama. Katika barabara za kuingia mjini na bandarini, anakopishana na malori ya korosho, saruji na makaa ya mawe kutoka Ruvuma, huku bodaboda zikipenya pande zote mbili, ukimya huo waweza kugharimu maisha ya mtu. Kwa mwenye gari la biashara ni pia siku za kazi zilizopotea na kesi polisi.

Kwa hiyo utaratibu ubadilike. Mnunuzi adai jaribio la barabarani na karatasi ya mashine ya kusoma hitilafu kabla ya kutoa malipo ya awali. Hitilafu ikionekana, gharama ya fundi na ya kifaa ikatwe kwenye bei, au muuzaji atengeneze kwanza. Muuzaji mwenye busara atafanya hivyo bila kuombwa, kwani gari lenye taa zinazowaka hujitetea lenyewe sokoni. Bei ya gari bovu haipaswi kufichwa chini ya rangi mpya.