Falcon's Flight: kasi ni 250, je raha ni ngapi?

Haya wadau, leo tuweke programu kando kidogo tuongee rola kosta. Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu huu. Tarehe 31 Desemba 2025, bustani ya Six Flags ilifunguliwa Qiddiya, nje ya Riyadh, Saudi Arabia, na ndani yake mna Falcon's Flight: kasi ya kilomita 250 kwa saa, kimo cha mita 195 na reli ya mita 4,250. Hakuna rola kosta duniani yenye kasi wala reli ndefu kama yake. Kama shabiki nimefurahi. Kama mtu wa kompyuta, nina dukuduku.

Kwanza sifa zake, maana ni haki yake. Kwa sisi wa huku Airport, Magongo na Chaani, picha ni rahisi. Njia ya kurukia ndege hapo Moi ina urefu wa mita 3,350 hivi. Ukiilaza reli ya Falcon's Flight pale, inapitiliza hadi nje ya ua. Na kilomita 250 kwa saa ni karibu na mwendo wa Boeing 737 inaponyanyua magurudumu. Sasa toa bodi ya ndege, ubaki wewe na kiti.

Hesabu yake nayo tamu. Kitu kikianguka mita 195 bila msuguano wowote, kinafika chini na kasi ya kilomita 223 kwa saa. Basi mteremko peke yake hautoshi, na msuguano na upepo vinakula sehemu yake pia. Kilichobaki kinatoka kwa mota za sumaku zilizolazwa kwenye reli, zinazolisukuma behewa bila kuligusa. Formula Rossa ya Abu Dhabi, iliyoshika rekodi ya kasi tangu 2010 kwa kilomita 240, hutumia haidroliki na kebo ya kuvuta. Sumaku ni kazi safi zaidi. Hapo wahandisi nawavulia kofia.

Sasa dukuduku. Mwili wa binadamu hausikii kasi, unasikia kasi inavyobadilika. Ndani ya ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa unakunywa soda bila kumwaga. Unachokisikia ni kule kusukumwa mgongoni wakati wa kuruka, na tumbo kupanda ndege ikishuka ghafla. Chris Sawyer aliliweka hili wazi mwaka 1999 katika gemu ya RollerCoaster Tycoon, ambayo aliiandika karibu yote kwa lugha ya asembli. Kila rola kosta unayojenga mle hupewa alama tatu mbalimbali: msisimko, ukali na kichefuchefu. Ukizidisha ukali, msisimko unashuka na wateja wanakataa kupanda. Kasi ni kiungo kimoja tu. Pilipili nyingi haifanyi mchuzi kuwa mtamu.

Sisi wa kompyuta tumeshaonja mchuzi huo. Intel ilitoa Pentium 4 mwaka 2000, ikakimbiza gigahezi hadi 3.8, na mpango wa kufika 4 ukafutwa 2004. Mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo, gigahezi chache, kazi nyingi zaidi. Namba ya kwenye boksi ilikuwa imewapoteza wanunuzi miaka kadhaa.

Rola kosta nazo zina mfano wake. Kingda Ka ya New Jersey ilifunguliwa 2005 ikiwa ndefu kuliko zote kwenda juu, mita 139, na kasi ya 206. Ilifungwa 2024, na 2025 ikaangushwa kwa baruti. Cyclone ya Coney Island, New York, ni ya mbao, mita 26 tu, ya tangu 1927, na watu bado wanaipigia foleni. Rekodi huvunjwa na mwenye pesa zaidi. Mpangilio mzuri wa mteremko na kona hauvunjwi hivyo. Hata bembea za Idd pale Makadara zinathibitisha: hakuna mtoto anayeuliza kasi yake, anauliza kama anaweza kupanda tena.

Nalisema hili kwa sababu ndugu zetu wengi wanapitia uwanja huu wa Moi kwenda Ghuba kutafuta riziki. Mtu mwenye siku moja ya mapumziko na riyali alizozihesabu anastahili raha, si namba ya tangazo. Ushauri wangu: ukifika Qiddiya, panda Falcon's Flight mara moja, maana kazi ile ya uhandisi inafaa kuonwa. Kisha zunguka, tafuta ile ndogo ambayo watu wakishuka wanarudi moja kwa moja kwenye foleni. Hiyo ndiyo yenye utamu.

Nyie mwaonaje?