Tuliyoyasoma Njiani Yasipotee

Juma hili nataka kusema nanyi juu ya mambo matatu ambayo siku hizi hukaa pamoja katika kiganja kimoja: safari, kusoma, na mtandao. Zamani msafiri alitia kitabu mfukoni. Leo hubeba simu, na ndani ya simu mna vitabu, magazeti, ramani, tiketi na barua za jamaa. Jambo hili ni jema, nami silipingi. Lakini kabla ya kupanda gari yatupasa tujiulize swali moja: haya tunayoyasoma na kuyategemea njiani, nani anatutunzia?

Watu wengi husema intaneti na wavuti kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Intaneti ni njia yenyewe, yaani nyaya na mitambo inayounganisha kompyuta na kompyuta. Ilianza kwa njia ndogo huko California, Marekani, ambako ujumbe wa kwanza ulipita tarehe 29 Oktoba 1969. Wavuti ilikuja miaka ishirini baadaye. Hayo ni maandishi yaliyowekwa juu ya njia hiyo. Kila ukurasa una anwani yake, na ndani ya ukurasa mna viungo vya kumpeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine. Basi, intaneti ni barabara, na wavuti ni kama maktaba zilizojengwa kando ya barabara hiyo.

Yafaa pia kujua kwa nini maktaba hizo zilijengwa. Karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia kiitwacho CERN. Wataalamu hutoka nchi nyingi kwenda kufanya kazi huko kwa muda, kisha hurudi kwao. Mwezi wa Machi 1989, Mwingereza mmoja aliyefanya kazi pale, jina lake Tim Berners-Lee, aliwaandikia wakubwa wake juu ya taabu aliyoiona. Alieleza kwamba watu wengi hukaa kama miaka miwili tu, na waondokapo, habari za kazi zao hupotea pamoja nao. Mgeni ajaye hutafuta kwa siku nyingi jambo ambalo mwenzake alikwisha kulijua. Kwa hiyo alishauri maandishi yote yaunganishwe, ili mtu aweze kutoka hili kwenda lile bila kumsumbua mwingine.

Hapo mwanzo mambo yote yalikaa ndani ya kompyuta moja. Berners-Lee aliibandikia karatasi yenye maneno ya wino mwekundu, kuwaonya watu wasiizime. Tena, tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba kila mtu duniani aweza kuitumia kazi ile bila kulipa ada. Hiyo ni sababu moja kubwa hata leo mwalimu wa Mbinga na mvuvi wa Mafia waweza kufungua ukurasa ule ule.

Tazameni basi: wavuti ilianzishwa kwa sababu ya watu wanaokuja na kuondoka. Ilikuwa dawa ya kusahau.

Nami nimeionja faida yake. Safari ya basi kutoka kwetu Songea mpaka Dar es Salaam ni ya kutwa nzima na zaidi, kupitia Njombe, Makambako, Iringa, Mikumi na Morogoro. Kabla ya safari yangu ya mwisho nilipakua kitabu cha zamani kiitwacho Safari za Wasuaheli, kilichotolewa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1901. Ndani yake mna habari zilizoandikwa na wasafiri wenyewe. Mmoja wao, Salim bin Abakari, alisafiri mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia, akaeleza kwa Kiswahili mambo aliyoyaona. Kitabu kama hicho nisingalikipata dukani kwetu, wala maktaba ya wilaya haina. Lakini wapo watu waliokipiga picha kurasa zake moja moja na kukiweka wazi. Basi nilipokuwa nikishuka Kitonga, nilikuwa nikisafiri safari mbili kwa nauli moja.

Lakini fikirini: tungaliyajuaje ya Siberia kama Salim asingaliandika? Hata habari za Kilwa tunazijua kwa namna hiyo hiyo. Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa mwaka 1331, akauona mji mzuri na sultani wake mkarimu, Hasan bin Sulaiman. Aliporudi kwao baada ya miaka mingi, aliamriwa aeleze safari zake zote, na katibu mmoja aitwaye Ibn Juzayy akaziandika. Macho yaliyoona Kilwa yamekwisha kufumba zamani sana, bali maandishi ya katibu yule yanasomwa mpaka leo. Mimi kwa kuwa ni karani, habari hiyo hunifurahisha, sikatai.

Sasa niseme upande wa pili. Dawa ile ya kusahau, yenyewe nayo husahau. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti ulikuwa ukibadilishwa mara kwa mara, na kila ulipobadilishwa, maneno ya kwanza yalifutika. Mwaka 2013, CERN ilipotaka kuurudisha mahali pake, nakala ya mwanzo kabisa haikuwapo, ikabidi itumiwe nakala ya baadaye. Tena kulikuwa na mahali paitwapo GeoCities, palipoanzishwa mwaka 1994, ambapo watu wa kawaida walijiwekea kurasa zao: mapishi, picha za watoto, habari za safari. Kampuni ya Yahoo ilipanunua mwaka 1999, na mwezi wa Oktoba 2009 ikapafunga, isipokuwa huko Japani. Mamilioni ya kurasa yakaondolewa. Yako mengi yaliyookolewa na watu wenye kujali, lakini si yote.

Njia yenyewe nayo hukatika. Intaneti yetu ya Afrika Mashariki hupita zaidi ndani ya nyaya zilizolazwa chini ya bahari, zenye nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Waya wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024, zote mbili zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania na jirani zake wakaona taabu kwa siku kadhaa. Wenye tiketi ndani ya simu walihangaika. Wanafunzi waliotaka kutuma karatasi zao walingoja.

Hayo ni ya dunia. Nitawaeleza na ya hapa kwetu, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mama mmoja, jirani yangu, ana mwana aliyekwenda Omani kufanya kazi. Kwa miaka mitatu kijana huyo alimwandikia mama yake kwa simu. Alimweleza kazi yake, chakula, joto la huko, na rafiki zake. Alimpelekea picha ya mkataba wake, na anwani ya mahali anapokaa. Mama alizisoma barua hizo jioni baada ya jioni, na pengine alinijia ofisini nimsomee zenye maneno magumu. Siku moja, katika msongamano wa stendi, simu ikaibiwa. Hakuna lililokuwa limenakiliwa mahali pengine, hata namba ya kijana. Naye kijana, kwa kuwa kila akipiga hapati jibu, alidhani mama ni mgonjwa, akazidi kuwa na wasiwasi. Mama alikuja akakaa mbele ya meza yangu, akasema, "Karani, mwanangu alikuwa humo. Sasa nimtafute wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Zilipita wiki saba mpaka kijana mwingine wa kata yetu, afanyaye kazi huko huko, alipokuja likizo na habari zake. Tunashukuru kwamba yu mzima. Lakini barua za miaka mitatu hazikurudi.

Na ajabu ni hii. Nyanya wa kijana huyo, mamaye yule mama, ana kopo la biskuti chini ya kitanda. Ndani yake mna barua za mumewe, aliyekwenda Tanga kukata mkonge kama walivyokwenda vijana wengi wa Songea miaka ile, wakaitwa manamba. Barua hizo ziliandikwa kwa kalamu ya risasi mwaka 1958. Karatasi zimegeuka rangi kama majani ya chai, lakini kila neno lasomeka. Bibi huyu hakusoma zaidi ya darasa la pili. Ila ametunza habari za safari kuliko sisi sote wenye simu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msidhani mali ni fedha tu. Barua ya mwanao ni mali. Anwani ya mahali anapolala ni mali kubwa zaidi.

Kwa hiyo nashauri mambo machache, nayo hayana gharama kubwa. Kwanza, kila nyumba iwe na daftari moja la shilingi chache. Andikeni humo namba za simu za jamaa walio mbali, anwani zao, majina ya waajiri wao, na namba za hati zao za kusafiria. Pili, mkataba, cheti na tiketi vichapishwe kwenye karatasi, msafiri abebe nakala moja na nyumbani ibaki nyingine. Tatu, ramani na kitabu cha kusoma njiani vipakuliwe kabla ya kuondoka, maana milimani mtandao hupotea na chaji huisha. Nne, ukisoma jambo la maana kwenye wavuti, andika lilitoka wapi, nani aliliandika, na tarehe gani. Ukurasa usio na jina wala tarehe ni kama mtu wa njiani asiyetaka kusema atokako: msikilize, lakini usimkabidhi nyumba.

Tena kuna mahali pa kutafutia kurasa zilizopotea. Huko San Francisco, Brewster Kahle alianzisha hazina iitwayo Internet Archive mwaka 1996, ihifadhiyo nakala za kurasa za dunia nzima. Na tangu mwaka 2001 mtu yeyote aweza kuandika anwani ya zamani akaona jinsi ukurasa ulivyokuwa. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo mwezi wa Oktoba 2024 hazina hiyo nayo ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta, ikafungwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo hata mwenye ghala kubwa ahitaji jirani mwenye ghala dogo. Wala ghala hiyo haina barua za jirani yangu, maana hizo hazikuwa za dunia. Zilikuwa za mama na mwanawe, na kuzitunza ilikuwa kazi ya nyumba yao.

Vijana mnaosoma karatasi hii, nyinyi ndio wenye macho mepesi na vidole vyepesi. Jumapili alasiri, chukueni simu ya mama au ya nyanya, mwombe ruhusa, mnakili barua za walio safarini kwenye daftari. Someni kwa sauti mnaponakili, naye asikie tena. Kazi hiyo haichukui zaidi ya saa mbili, na daftari halihitaji chaji.