Ushindi wa Dakika Moja



Likizo hutupa sisi mafrateri muda wa kushika simu. Hapa Katumba Songwe, jioni tukishatoka kwenye mpunga na kakao, tunacheza sataranji, au chesi kama wengi tunavyoiita, mtandaoni. Tunapenda zaidi michezo ya dakika moja kwa kila mchezaji, na humo silaha yetu ni gambiti ya Englund.

Kwa wasioijua, gambiti ni kumtoa askari mwanzoni kama chambo. Katika Englund, mweupe anasogeza askari wa malkia hatua mbili, nasi weusi tunamtoa askari wa mfalme aliwe. Kisha malkia wetu anatoka mapema, anamla askari mmoja na kuitishia ngome ya pembeni. Mweupe akiilinda kwa kumtoa farasi, tumebaki pabaya. Akiilinda kwa askofu, mfalme wake anakamatwa kwenye hatua ya nane.

Mbinu hii ni mbovu, na kompyuta yoyote ya sataranji itakuonyesha hivyo mara moja. Lakini mpinzani mwenye sekunde hamsini hana muda wa kuuona ubovu wake. Hatumshindi kwa sababu tuna haki ubaoni. Tunamshinda kwa sababu ana haraka.

Wapo watakaosema, “Frateri, huu ni mchezo tu.” Ni kweli. Mt. Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kucheza kwa kiasi ni pumziko la roho, na katika sataranji hakuna uongo: kila kitu kiko wazi ubaoni, na wote wawili wamekubali saa. Tatizo letu ni mazoea tunayotoka nayo mchezoni.

Likizo hii, baada ya sala ya jumuiya, mzee mmoja alituuliza: “Frateri, kama Mungu anajua yote tangu zamani, mimi kuomba kunabadilisha nini?” Tulimjibu bila hata kuvuta pumzi: “Mzee wangu, kwani asingejua chochote, ungemwomba?” Watu wakacheka. Mzee naye akatabasamu, akasema, “Asante, frateri,” akanyamaza. Tulirudi nyumbani tukijiona wanafalsafa.

Siku chache baadaye tukasikia kwamba mke wake anaumwa kwa muda mrefu, na mzee amekuwa akiomba usiku baada ya usiku. Swali lake halikuwa la mashindano. Nasi hatukulijibu, tulimtupia chambo, akakosa la kusema, tukauhesabu ukimya wake kuwa ushindi.

Darasani tunasoma kwamba Aristotle aliandika kitabu kizima kuhusu hoja za wasofisti, zile zinazofanana na hoja za kweli bila kuwa za kweli. Tunaweza kuzitaja kwenye mtihani tukapata alama nzuri, kisha tukazitumia jumuiyani bila kujitambua. Mt. Thomas alifanya kinyume. Katika Summa, kila mada inaanza na hoja za wanaompinga, tena zenye nguvu, ndipo anajibu moja baada ya nyingine. Anampa mpinzani muda wote anaouhitaji.

Hatusemi sataranji iachwe. Mt. Teresa wa Avila mwenyewe aliitumia kama mfano alipowafundisha watawa wake sala, akasema malkia awezaye kumkamata Mfalme wa mbinguni ni unyenyekevu. Tunachopendekeza kwa mafrateri wenzetu ni hiki: tucheze zaidi michezo ya dakika kumi au kumi na tano, na tukikaa na mtu uso kwa uso tukamnasa kwa Englund, tumwonyeshe mahali alipopaswa kumtoa farasi. Gambiti ambayo huthubutu kumweleza mpinzani wako inajulisha jambo fulani kukuhusu.

Kwa waamini tunaomba jambo moja. Frateri akikujibu upesi mno, mwambie, “Bado hujanijibu.” Utakuwa umemsaidia kabla hajapanda mimbarini.

Kabla ya kurudi seminarini tutapita kwa yule mzee. Hatuna jibu kamili la kumpelekea. Tutamjulia hali mama, tutamwomba mzee radhi, kisha tutamsihi aliulize swali lake upya, nasi safari hii tukae tusikilize.