Mama akimaliza kuzaa, nani anampima?

Yanonge – Siku ya kupima watoto, mizani ya kituo cha afya haipumziki. Mtoto ananing'inizwa, analia, kilo zake zinaandikwa kwenye karatasi. Siku ya wajawazito ni vilevile: mama anapanda mizani, anapimwa tansio, anaandikwa. Lakini mama wa miaka 48, ambaye kitinda mimba wake yuko sekondari, mizani hiyo haimjui tena. Toka alipomaliza kuzaa, kinachompima ni ulimi wa jirani.

Na ulimi huo hauna huruma. Akikonda, "ana ule ugonjwa", ao bwana yake hamlishi. Akinenepa, pesa imeingia nyumbani. Akinenepa naye ni mhamaji, hapo maneno yanazidi: eti wahamaji wamekula posho mpaka wameota vitambi. Haya yanasemwa juu ya watu waliokimbia mapigano ya Mbole na Lengola toka mwanzo wa 2023, wakaacha mashamba, wakalala katika madarasa na makanisa upande wa Lubunga. Ni maneno ya aibu, tena hayana ukweli.

Ukweli ni huu. Mama aliyekuwa anatembea kila asubuhi mpaka shambani, anarudi na kikapu cha mihogo mgongoni, leo amekaa. Anakula unga na mafuta; samaki anamuona mara moja moja, na maharagwe akibahatika. Misuli ya mikono na mapaja inaisha, mafuta yanajikusanya tumboni. Tumbo kubwa juu ya miguu myembamba si shibe. Mama huyo amekosa chakula cha kujenga mwili, na amekosa shamba.

Halafu umri unaongeza yake. Kwa wanawake wengi hedhi inakatika kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya kike inashuka, na mafuta yaliyokuwa nyongani na mapajani yanahamia tumboni. Misuli nayo ilianza kupungua zamani, kwa hiyo mwili unachoma chakula kidogo kuliko zamani. Sahani ya fufu ni ileile, kilo zinapanda. Hakuna uchawi hapo, wala uvivu.

Kwa sababu hakuna anayewaeleza akina mama mambo haya, wauza vidonge wanaeleza badala yake. Kinshasa na miji mingine ya Congo, dexamethasone na cyproheptadine zinajulikana kama dawa za kunenepesha, na anayeogopa kuambiwa "umekonda" anazinunua kimoja kimoja. Cyproheptadine ni dawa ya mzio. Inaleta njaa na usingizi. Dexamethasone ni dawa nzuri mkononi mwa daktari: mwaka 2020 ilionekana inaokoa wagonjwa mahututi wa Covid. Lakini nguvu yake ni karibu mara 25 ya homoni ile ambayo mwili unajitengenezea. Ukiimeza kila siku bila kupimwa, uso unajaa, sukari na tansio vinapanda, mifupa inadhoofika, mifupa ileile ambayo kukatika kwa hedhi kumekwisha kuipunguzia nguvu. Ukiiacha ghafla baada ya wiki nyingi, mwili umesahau kazi yake, unaweza kuanguka na kufa. Wakati huo watu wanasema mama amependeza. Mama amevimba!

Kukonda kwa haraka nako kusisingiziwe umri. Inaweza kuwa kifua kikuu, sukari, virusi vya UKIMWI, ao njaa tu. Dawa za kifua kikuu na za virusi hutolewa bure katika nchi yetu, lakini mama anaogopa kuonekana kwenye mlango wa kituo kwa sababu ya wale wale wanaomchunguza kisimani.

Wakubwa watajibu kwamba kilo za mama ni mambo ya matajiri, na kwamba malaria inaua watoto. Malaria inaua, hakuna anayebisha. Lakini mizani ya wajawazito ipo, chombo cha tansio kipo. Kinachopungua ni asubuhi moja kwa mwezi na mita ya fundi cherehani. Kiuno cha mwanamke kikipita sentimeta 80, hatari ya sukari na moyo imeanza. Kikipita 88, imekuwa kubwa. Hata mama asiyejua kusoma anaweza kufunga fundo kwenye kamba na kuona mwezi ujao kama limesogea.

Na wasimwambie afanye spoti, mtu anayebeba kuni. Wamwambie apunguze mafuta ya mawese katika pondu na tonge la fufu, asiwaachie wanaume samaki na viwavi, asiache jembe kwa sababu watoto wamekua. Kwa mhamaji maneno hayo hayatoshi: yeye anahitaji kipande cha udongo cha kulima, na wanaogawa posho waweke maharagwe pembeni ya unga.

Kuhusu vidonge, wanaouza mezani, karibu na sabuni na betri, hawajifichi. Kodi ya meza inalipwa kila siku ya soko, na anayekuja kuikusanya ana macho.