Siyo Uchache wa Seva, Ni Mgao Mbovu

Jamani, hii hadithi ya "mtandao umezidiwa" mimi nimeichoka.

Juzi nimekesha na mpwa wangu, binti wa dada, akijaza fomu ya kuomba chuo. Siku ya mwisho. Anajaza kurasa nne, akifika ya tano anaambiwa "ingia upya" na vyote vimefutika. Mara tatu! Saa sita usiku maombi yakafungwa. Asubuhi nikapiga simu, chuo sikitaji. Fundi wao akajibu: "Watu walikuwa wengi, kaka. Tumeomba fedha za seva nyingine." Mnazo ngapi? Nne. Zote zilielemewa? Hapana, ilianguka moja. Tatu zilikuwa zinapunga upepo.

Sasa hapo nani kazidiwa?

Mimi ni mwandishi wa habari, siyo fundi, lakini nimeuliza na nimesoma. Mbele ya seva hukaa kigawa mizigo, kama yule mtu wa benki anayekuelekeza dirisha la kwenda. Njia anazotumia ni chache. Ipo ya zamu: wa kwanza seva ya kwanza, wa pili ya pili. Ipo ya kumpeleka mtu kwenye seva yenye wateja wachache wakati huo. Na ipo ya kuangalia anwani ya intaneti: anwani ile ile, seva ile ile.

Wao walichagua hii ya tatu. Kumbe waombaji wengi wanatumia simu, na kampuni za simu huweka wateja wengi mno nyuma ya anwani moja. Matokeo yake wanalundikwa dirisha moja, mengine matupu. Kwa nini waliichagua? Kwa sababu fomu iliyojazwa nusu inakaa ndani ya seva moja tu. Ukihamishwa, unaanza upya. Seva ikianguka, inaondoka na fomu zake. Ndiyo yaliyompata mpwa wangu.

Dawa ipo. Fomu hizo ziwekwe kwenye hifadhi moja inayofikiwa na seva zote. Kazi hiyo ina jasho, sikatai, lakini ukiimaliza uko huru kuchagua njia. Zamu inafaa pale kazi zinapolingana. Lakini huyu anasoma tangazo, yule anapakia cheti kizito. Hapo zamu ni upofu, tumieni ile ya wateja wachache. HAProxy ipo tangu 2001, nginx tangu 2004, zote zinapatikana bure, na kubadili njia ni mstari mmoja kwenye mipangilio.

Mtaniambia njia hiyo nayo ina mtego. Kweli. Seva mbovu inayotema makosa haraka haraka huonekana haina wateja, basi inaletewa watu wote. Kwa hiyo pimeni afya ya kila seva mara kwa mara, na kipimo kiwe kufungua fomu yenyewe, siyo kuuliza tu kama imewashwa.

Seva ya tano ingesaidia nini? Ingekwenda kupunga upepo na wenzake.

Kwa hiyo, wakubwa, kabla ya kuomba fedha, fungueni kwanza faili la mipangilio. Mwenye hoja tofauti ailete, tubishane. Mpwa wangu ana muda wa kuisoma: anasubiri mwaka mzima.